Tuta la Girnupiai

Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigongagonga jikoni gizani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka ya kufunguliwa. Milda alizima jiko kwanza, ndipo akawasha taa. Ilikuwa saa moja asubuhi, Jumamosi ya pili ya Januari, na nje kulikuwa bado giza. Uji wa shayiri ulikuwa umeiva. Alimpakulia Smiltė, binti yake wa miaka mitano, akaweka siagi katikati ya bakuli, akangoja mpaka yote ikayeyuka, kwa sababu Smiltė alikuwa hali uji wenye siagi inayoonekana.

"Leo utaruka peke yako?" Smiltė aliuliza.

"Mkuu akisema."

"Asiposema?"

"Nitaruka naye kama siku zote. Kula, utapoa."

Vidole vya Milda vilikuwa bado vinanata utomvu. Jioni iliyopita yeye na wanawake wengine wawili walikaa kwenye ukumbi wa klabu ya ndege wakisuka taji refu la matawi ya msonobari, la kuzungushia mlango. Vaidotas, mkuu wa klabu, alikuwa anatimiza miaka sitini, na mtu wa Girnupiai akifikisha sitini mlango wake hauachwi mtupu. Matawi waliyakuta yamelundikwa ukumbini. Milda hakuuliza yametoka wapi. Barabara ya msituni ilikuwa imezibwa na theluji tangu Jumatano, na hilo alilijua, lakini mikono ikiwa kazini kichwa hupumzika.

Siku za wiki Milda alifungasha jibini kiwandani. Jioni, mwaka mzima, alikuwa amesoma urubani katika darasa lenye joto la heta moja na wanafunzi wanne, na watatu kati yao walikuwa wameacha. Baba yake Smiltė alikuwa Norwe akiunganisha mabomba. Ofisi ya misitu ya wilaya ilikuwa imemwahidi Milda kiti katika ndege ndogo inayozunguka kiangazi kizima ikitafuta moshi juu ya misitu, endapo angekuwa na leseni kabla ya mwisho wa Mei. Barua ya ahadi hiyo aliibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali anapoiona anapochukua sukari.

Uwanja wa Girnupiai ni mbuga ya nyasi kando ya mto. Majira ya baridi trekta ya klabu husukuma theluji yote mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, na pale hulundikana tuta linalofika mtu kiunoni, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ya tuta huchomekwa matawi ya msonobari, moja kila hatua tano, kwa sababu siku ya mawingu ardhi na anga huwa shuka moja na rubani haoni mshono. Mwanafunzi hufundishwa jambo hili siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa kiti chake: penye matawi pana tuta, pasipo matawi hapana tuta. Vaidotas hulisema mwenyewe, na humrudishia mwanafunzi alirudie mara tatu.

Saa tano Vaidotas aliruka na Milda mizunguko miwili. Kulikuwa na nyuzi tisa chini ya sifuri, mawingu yamekaa chini, meupe kama maziwa ya jana. Baada ya mzunguko wa pili alifungua mlango, akashuka injini ikiwa inanguruma, akapiga bawa kofi.

"Haya binti. Mzunguko mmoja, peke yako. Fanya upesi, wageni wameshafika na supu iko mezani."

"Tuta bado lipo, mkuu?"

"Zenonas wa trekta anaondoa leo," Vaidotas alisema, na tayari alikuwa anatazama mlango wake wenye taji.

Milda aliruka. Juu ya mto aligeuka, juu ya paa la kiwanda cha jibini akageuka tena, na akaona vizuri sana kwamba kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Hakuogopa. Alijisikia kama siku alipompakata Smiltė kwa mara ya kwanza na mkunga akatoka chumbani. Aliposhuka alitafuta matawi. Hayakuwepo. Kwa hiyo alijua kwamba Zenonas ameshaondoa tuta, akashuka kama alivyofundishwa, chini, kwenye mwanzo kabisa wa njia, kwa sababu mwisho wake ulikuwa barafu tupu.

Gurudumu la mbele liligonga tuta na mguu wa gurudumu ukakatika. Pangaboi likachimba theluji mara mbili, likajikunja. Ndege ilisimama juu ya pua yake, mkia juu, na ikakaa hivyo. Milda aling'inia kwenye mikanda, mtulinga wa kushoto umevunjika, akisikia petroli ikitona.

Watu wa sherehe walitoka mbio. Mmoja wao alikuwa na fungu la matawi ya kuogea, lile la nyumba ya mvuke, kwa sababu desturi ya klabu ni kwamba rubani akishatua peke yake mara ya kwanza kila mwanachama humchapa makalioni mara moja, na hapo ndipo huitwa rubani. Mtu yule alitumia fungu lile kupangusa theluji kwenye kioo, ili waone kama yu hai.

"Yu hai," alisema.

"Basi mtoeni," Vaidotas alisema. "Na nyie wengine, supu inapoa."

Smiltė, ambaye mama yake alimwacha ukumbini na wageni, alisimama mlangoni chini ya taji na kipande cha keki mkononi. Hakuna aliyemwambia kitu. Gari la wagonjwa lilipoondoka na Milda, Zenonas aliwasha trekta, na katika nusu saa tuta likawa limesawazishwa, na mahali pale pakawa tambarare kama meza.

Siku ya tatu Vaidotas alikwenda hospitalini na kipande cha keki kwenye karatasi ya kung'aa. Alivuta kiti akakaa.

"Binti yangu, hali?"

"Naendelea, mkuu."

"Vizuri. Kuna karatasi hapa. Andika tu kwamba ulishuka chini mno, na polepole mno. Utarudia kozi mwakani, sisi tutasahau, maisha yataendelea."

"Mkuu, matawi hayakuwepo."

"Hayakuwepo," Vaidotas alikubali. "Na pasipo matawi?"

Milda alivuta blanketi juu kwa mkono wa kulia.

"Sema. Nilikufundisha mwenyewe."

"Hapana tuta."

"Umeona."

"Sasa mimi niligonga nini?"

"Ardhi. Wanafunzi hugonga ardhi, ndiyo maana wanaitwa wanafunzi." Aliiweka karatasi juu ya blanketi, na juu ya karatasi akaweka keki. "Watu kumi na mmoja wameshatia sahihi kwamba njia ilikuwa safi. Sasa wewe na mkono wako mmoja unataka kubishana na mikono ishirini na miwili?"

Milda hakutia sahihi. Keki alimpa mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye aliisifu.

Wakati huo tuta lilikuwa limesharudi. Zenonas ndiye aliyelikuta, Jumapili asubuhi, alipokwenda kuchukua glavu zake. Lilikuwa pale pale, kiunoni, kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati lilikuwa na mfereji wa upana wa gurudumu moja, na ndani ya mfereji rangi nyeusi ya mpira. Juu yake, kila hatua tano, kulikuwa na tundu jembamba lenye kina cha mkono, la mahali tawi lilipochomolewa. Zenonas aliyahesabu matundu. Yalikuwa kumi na manane. Matawi yake alikuwa ameyachomoa yeye.

Alilisawazisha. Jumatatu lilikuwepo. Alilisawazisha tena, akapitisha roli la kushindilia juu yake, na Jumanne lilikuwepo pamoja na mfereji na matundu yake. Alifanya hivyo mara tisa. Mara ya kumi alizima trekta akaenda ofisini.

"Mkuu, lile jambo linarudi."

"Jambo gani?"

"Lile ambalo halikuwepo."

Vaidotas alichungulia dirishani. "Liache," alisema. "Machi itakuja."

Machi ilikuja. Theluji ya mashambani ikageuka kijivu, kisha maji, kisha matope. Barafu ya mto ilipasuka ikaenda zake. Mwisho wa mwezi ndege korongo wakarudi kutoka kusini, na mmojawapo akatua juu ya tuta, akainua mguu mmoja, halafu wa pili, akahama. Aprili nyasi zilichipua pande zote mbili za tuta, na tuta likabaki jeupe, kavu, na kingo zake kali kama mkate uliokatwa sasa hivi. Jua halikulifanya kitu. Mtu akiligusa mkono ulilowa, lakini lenyewe halikupungua hata kidole.

Klabu ilisogeza mwanzo wa njia hatua themanini mbele. Ndege zilipita juu ya tuta na kutua salama, kwa kuwa sasa kila mtu aliliona: jeupe juu ya kijani, halihitaji tawi. Watu wa Girnupiai walilizoea ndani ya wiki mbili. Wanachama walichimbia humo chupa za bia. Wake zao walichukua theluji ndoo moja moja ya kuhifadhia samaki, na asubuhi tuta lilikuwa limejaza pengo. Mwalimu wa mpira wa shule alituma watoto wenye vifundo vilivyoteguka wavipoze hapo.

Wageni ndio waliokuwa wakiuliza. Kanuni za viwanja zinakataza tuta la theluji kwenye njia ya kurukia, hasa mwezi wa Mei, lakini zinaruhusu lundo la chokaa kwa ajili ya kuchorea mistari. Kwa hiyo Vaidotas alichonga ubao, akaupaka rangi, akauchomeka mbele ya tuta. Ubao uliandikwa CHOKAA. Tangu siku hiyo watu wakasema chokaa. "Nitolee mbili za kwenye chokaa," walisema wakiwa na kiu, na walioagizwa hawakucheka, kwa sababu bia ilikuwa baridi na hapakuwa na la kuchekesha.

Kumcheka Milda ilikuwa rahisi zaidi. Alirudi kiwandani mkono ukiwa kwenye kitambaa, na msimamizi wa zamu akamwambia mbele ya wote, "Rubani, ukipita kwenye ndoo za maziwa inua pua." Dukani walimpisha kwenye foleni kwa heshima kubwa mno, wakitandaza mikono kama mabawa. Mtu aliandika kwa kidole kwenye vumbi la gari lake: *Penye Milda pana shimo.* Mmoja wa wale waliosuka naye taji alivuka barabara alipomwona. Milda alivuka pia, akamfikia.

"Onutė, nakuomba kitu kimoja. Yale matawi tuliyosuka, ncha zake zilikuwa zimechongwa. Ulijikata kidole, mimi ndiye niliyekifunga. Matawi ya msituni hayachongwi ncha."

"Mimi nilisuka tu," Onutė alisema.

"Najua. Na mimi nilisuka. Sema hivyo hivyo tu kwa tume ya ajali za ndege."

"Mdogo wangu, mume wangu anarusha ndege pale. Mwanangu anataka kurusha pale." Alikishika kifundo cha mkono wa Milda kwa upole, akakiachia. "Wewe una kiwanda. Kiwanda kinakutosha."

Zenonas alikuwa mkweli zaidi. Milda alimkuta akipaka grisi trekta, na yeye hakungoja swali.

"Nilichomoa mimi, dada. Kumi na manane. Alisema wageni wanakuja, mlango uko uchi, msituni hakupitiki, chomoa yale, Jumatatu utachomeka mengine. Na tuta alisema nitaliondoa baada ya supu. Ningeliondoa."

"Utayasema haya kwa mkaguzi?"

Zenonas alifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Trekta ni ya klabu, na klabu ni ya Vaidotas. Mke wangu ni dada yake Vaidotas. Sasa niambie, nikishuka kwenye trekta nipande wapi?"

Mkaguzi wa tume alifika tarehe kumi na mbili Mei, mwanamume mrefu mwenye mafua, aitwaye Gintalas. Milda alikuwa amevaa suti ya mahafali yake ya shule. Mtulinga ulikuwa umeunga. Barua ya misitu ilikuwa kwenye mkoba, kwa kuwa zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa, na aliamini kwamba mtu akioneshwa kitu kilichopo, atasema kipo. Alikuwa amemwambia Smiltė hivyo asubuhi, wakati akimsuka nywele.

Gintalas alitembea kwenye njia akifuata ramani yake, na alipofika kwenye tuta akajikwaa. Viatu vyake vililowa. Alitoa kipimo cha chuma, akapima kimo: sentimita tisini na mbili.

"Mheshimiwa, hili ndilo nililogonga," Milda alisema.

"Ubao unasema chokaa."

"Ni theluji. Iguse."

"Nimeshaigusa, kwa viatu." Alipiga chafya. "Dada, mimi nimetumwa kuchunguza ajali ya Januari. Tuseme ni theluji. Theluji ya Mei si ushahidi wa Januari. Nikiandika hivyo ofisini watanipima akili."

"Tazama mfereji huu. Huo weusi ni mpira wa gurudumu langu."

Gintalas aliinama, akatazama. "Ufa," alisema, akaandika.

"Na haya matundu? Kila hatua tano. Hesabu."

Alihesabu, kwa kuwa alikuwa mtu makini. "Fuko," alisema, akaandika. "Kumi na manane."

"Fuko anapima hatua tano?"

"Sijui desturi za fuko wa huku." Alifunga daftari. Vaidotas alikuwa amekuja nyuma yao na taulo safi, na Gintalas alikaa ukingoni mwa tuta, akavua viatu, akakausha miguu. Vaidotas alimletea bia. Aliitoa mle mle kwenye tuta, karibu na goti la mkaguzi, akaifuta kwa mkono.

"Ya baridi," Gintalas alisema kwa shukrani.

Uamuzi ulikuja kwa posta tarehe ishirini na sita. Njia ya kurukia ilikuwa safi. Chanzo cha ajali ni kosa la mwanafunzi. Milda haruhusiwi kurudia mtihani kwa miaka mitano. Alisoma jikoni akiwa amesimama, akafungua kabati, akatoa sukari, akamtilia Smiltė kwenye chai. Wiki iliyofuata mpwa wa Vaidotas alianza kuzunguka juu ya misitu akitafuta moshi. Alipita juu ya nyumba yao saa nne kila asubuhi, na Milda, hata akiwa na mgongo dirishani, alijua kwa sauti kwamba anageuka kabla ya wakati.

Hakulia mbele ya mtoto. Alinunua kitabu cha mitihani cha toleo jipya, akakiweka mezani. Miaka mitano, alimwambia Smiltė, ni vile vile ulivyo wewe sasa, na tazama ulivyokuja upesi.

Jumapili ya pili ya Julai klabu ilifungua milango kwa wananchi, kama kila mwaka. Kulikuwa na nyuzi thelathini na moja, na muziki, na nyama ya moshi. Smiltė alitaka kuona ndege, kwa hiyo walikwenda. Milda alisimama nje ya kamba pamoja na wengine, na pembeni yake pakabaki nafasi ya watu wawili kila upande, ambayo haikujazwa ingawa watu walikuwa wengi.

Vaidotas alikuwa na wageni wa wilaya. Alizungumza kwenye kipaza sauti, akasema klabu imemaliza mwaka mwingine bila doa, watu wakapiga makofi. Halafu mpiga picha wa gazeti akataka picha yenye mtoto. Vaidotas alitazama huku na huku. Alimwona Smiltė mbele kabisa, na gauni lake la njano, na kwa vile alikuwa mtu anayependa watoto, au kwa vile alikuwa amemsahau ni wa nani, alipita chini ya kamba akamnyanyua.

"Njoo, kipepeo. Tukae pale juu ya chokaa, nyuma yetu ndege. Utatoka gazetini."

Milda aliinua kamba. Mikono miwili ya watu asiowatazama ilimshika mabega, si kwa nguvu, upande mmoja ukiwa ule wa mtulinga.

"Acha mama, ni picha tu," Onutė alisema nyuma yake. "Usimharibie mtoto."

Vaidotas alimkalisha Smiltė juu ya tuta, katika mfereji, palipomtosha kama kiti. Wageni wa wilaya walijipanga kulia na kushoto. Wanachama kumi na mmoja wakasimama nyuma kwa mstari, Zenonas mwishoni, kofia mkononi. Jua lilikuwa utosini. Mpiga picha aliomba muziki uzimwe ili watu watulie, ukazimwa, na uwanja mzima ukawa kimya kiasi cha kusikia bendera.

"Tabasamu, kipepeo," Vaidotas alisema.

Smiltė hakutabasamu. Alikuwa ameweka viganja vyake vyote viwili chini, kila upande wa gauni, na alikuwa akitazama watu walio nje ya kamba mpaka akampata anayemtafuta.

"Hii ni theluji ya mama," alisema.